Kibao cha Kiingereza

Kwemkuyu, juu ya Rangwi
4 Februari 2024

Mdogo wangu Scholastica,

Pole na joto la Korogwe, na pole na kufundisha watoto wasiotaka kufundishwa. Huku sote wazima. Wifi yako Modesta anakusalimu, anasema mafyulisi yameiva mpaka yanaanguka na mlaji mkuu hayupo.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Mtandao huku unashika pale dukani kwa Rashidi tu, na ukiongea pale, kabla hujamaliza kuaga habari zako zimeshafika Mtae. Halafu jambo lenyewe linahitaji maandishi. Nataka maneno ya Kiingereza. La kwanza ni la mahali kitu kinapoishia, pale unapotakiwa usimame. La pili ni la kupita pale mahali. Andika kwa herufi kubwa, zilizoachana, kama unavyowaandikia watoto wa kidato cha kwanza.

Usiniulize ya nini. Ni ya kazi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Mwajuma, anashuka sokoni na kabichi zake. Nimeibandika kwa gundi ya mbao. Ukiikuta imechanika ujue wa kumuuliza ni nani.

Kaka yako,
Valentino


Korogwe
11 Februari 2024

Kaka Valentino,

Shikamoo.

Barua nimeipata nzima, nimelazimika kuifungua kwa kisu cha jikoni. Nimecheka sana. Wewe uliyekuwa unatoroka kipindi cha Kiingereza kwenda kujificha karakana ya misheni, leo unataka maneno? Haya, mwalimu hana hiana.

LIMIT ni kikomo, pale unapoambiwa basi. BOUNDARY ni mpaka wenyewe, kama wa shamba na shamba. EXCEED ni kuzidisha, lakini hilo ni la mwendo wa magari na vipimo vya dawa. BEYOND ni ng'ambo ya hapo, kule kusikokuhusu. TRESPASS ni kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa, na Waingereza wamelitia mpaka kwenye Baba Yetu, pale sisi tunaposema makosa. OVERSTEP ni mtu kujichukulia mamlaka asiyopewa.

Nimejibu. Sasa na mimi niulize, maana neno la kazi halijaniingia. Fundi seremala ana kazi gani na maneno haya? Makabati na vitanda havina mipaka. Anayetafuta maneno kama haya ama ana karatasi mbele yake anataka kutia saini, ama ana mtu wa lugha hiyo anayezungumza naye habari za ardhi.

Na ardhi ya Kwemkuyu nusu ni yangu, kaka. Mama alinipa kipande cha juu mbele ya ukoo mzima, na baba mdogo Paskali amenuna hadi leo kwa kuwa mtoto wa kike amepewa. Nikistaafu nakuja kujenga pale, karibu na kaburi lake. Sina pengine pa kwenda. Unalijua hilo kuliko mtu mwingine.

Ni mimi mdogo wako,
Scholastica


Kwemkuyu
25 Februari 2024

Mwalimu,

Marahaba.

Maneno yamefika, asante. Maswali nayo yamefika, nayo ni mengi kuliko maneno. Hakuna karatasi. Hakuna saini. Baba mdogo Paskali muache na mdomo wake.

LIMIT limenipendeza, ni fupi. BEYOND nalo lina sauti nzuri. TRESPASS sikulipenda, lina ukali, na mimi nataka lugha ya adabu. Niandikie sentensi moja, nzima. Ukitaka kumwambia mgeni, mtu na heshima zake, kwamba kikomo ni hapa na asipite, unamwambiaje bila kumtukana? Sentensi iwe fupi. Kila herufi ni jasho.

Mengine tutazungumza ukija Pasaka.

Kaka yako,
Valentino


Kwemkuyu
3 Machi 2024

Mwalimu Scholastica,

Salaam aleikum, na mimi ni mzima wa afya. Uliniomba pale sokoni nikuangalizie huko nyumbani kwenu, nami nimeangalia, ingawa umbeya si tabia yangu, unajua.

Kwanza masale. Yale mama yenu aliyoyapanda kutenganisha kipande chako na cha kaka yako, hayapo. Yote, kuanzia kijitoni mpaka juu kwenye mwamba. Yamebaki mashimo, na udongo wake bado haujaota majani. Pili, kuna njia mpya inakata kipande chako, pana kabisa. Wazungu wanapita na fimbo zao na mabegi mgongoni, wakiongozwa na Abubakari, yule mwongoza watalii. Kaka yako nimemwona anasimama nao, ananyoosha mkono juu, ananyoosha chini, wanacheka. Siku nyingine nilimkuta na kamba, anapima kule juu. Nilitaka kupanda nimsalimie mama kaburini, akanizuia, eti kuna nyoka. Miaka yote hii nakata majani ya ng'ombe pale sijaona nyoka.

Tatu, karakana kwake kuna ubao mkubwa wa mvule. Nilipoingia akaufunika na mkeka.

Mimi sisemi kitu. Nasema nilichoona. Na tafadhali usimwambie ni mimi.

Jirani yako,
Mwajuma


Korogwe
10 Machi 2024

Kaka Valentino,

Shikamoo.

Masale yako wapi?

Sitazunguka. Nina watu wenye macho huko. Nimeambiwa masale ya mama yameng'olewa, njia imekatwa juu ya ardhi yangu, wageni wanapitishwa na kuonyeshwa juu na chini, na kuna mtu anapima kwa kamba. Baba mdogo Paskali kwa manung'uniko yake yote hakuthubutu kugusa hata jani la masale yale. Kwetu mtu haamki tu akang'oa mpaka uliopandwa na marehemu. Wewe umeamka, ukang'oa.

Unataka nikupe sentensi ya Kiingereza. Ya kumwambia nani? Mgeni gani huyo mwenye heshima zake? Amekuahidi nini? Kambi ya mahema? Hoteli? Nimefundisha Kiingereza hiki nikijua ni cha kuwasaidia watu wetu wasidhulumiwe, sikujua siku moja nitaombwa kisu cha kunichinjia mwenyewe. Nina hasira, kaka, na nina uchungu zaidi ya hasira.

Niambie kweli, kisha ndiyo uombe maneno.

Scholastica


Kwemkuyu
24 Machi 2024

Scholastica,

Kumbe umeniwekea mpelelezi. Barua yako imekuja inanuka kabichi, kwa hiyo usijisumbue kunificha jina.

Masale nimeyang'oa mimi, kwa mikono yangu, na sababu ninayo. Njia sikuikata mimi. Kipande chako kipo pale pale kilipokuwa. Hakuna aliyeniahidi kitu. Mimi ni mkubwa wako, nimekubeba mgongoni kukupeleka zahanati ukinitapikia shingoni, na maishani sijakuibia hata fyulisi moja. Sitaapa kwenye barua.

Sentensi ukitaka nipe, usipotaka acha. Lakini mvua ya masika imeanza kunukia huku, nataka kibao kisimame kabla udongo haujalainika. Ubao ninao, patasi nimenoa. Kimebaki Kiingereza.

Valentino


Korogwe
31 Machi 2024, Jumapili ya Pasaka

Kaka Valentino,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwako na kwa wifi Modesta. Nisamehe sikuja, goti bado linanisumbua na mitihani ya majaribio iko mlangoni.

Nimefikiri nikaona nilikuwa mkali. Wewe ni mkubwa wangu. Sentensi uliyoomba hii hapa, ina adabu na ni fupi, na ndani yake nimekutilia yale maneno mawili uliyoyapenda:

YOU MAY GO BEYOND THIS LIMIT

Chonga kama ilivyo, usipunguze wala usiongeze. Atakayeisoma ataelewa.

Mdogo wako,
Scholastica


Korogwe
31 Machi 2024

Mwajuma,

Salaam. Bahasha ya kaka mpe mwenyewe mkononi. Hii ni yako, na ukishaisoma itie jikoni kwenye moto.

Kaka amekiri mwenyewe kwamba anasimamisha kibao. Kibao cha Kiingereza, kwenye ardhi yangu, cha kusema kikomo ni hapa mtu asipite. Mpaka wa mama kaung'oa, anaweka wake. Kesho nikija na mafundi wangu nitaonyeshwa kibao niambiwe hayo ndiyo makubaliano na wageni. Basi nimempa sentensi, lakini inasema kinyume. Inasema ruksa kupita kikomo hiki. Akikisimamisha kunifungia mimi, kibao chake mwenyewe kitanikaribisha, na huyo mnunuzi wake akikisoma atajua anafanya biashara na mtu asiyejua anachouza.

Usinitazame vibaya. Mtu mwenye kipande kimoja cha ardhi hukilinda kwa alichonacho, na mimi nina Kiingereza. Nitazamie tu siku kitakaposimama.

Scholastica


Kwemkuyu
12 Mei 2024

Mdogo wangu Scholastica,

Salaam nyingi. Kibao kimesimama. Mwajuma ameniambia ulikuwa unakiulizia kila anaposhuka, kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe, na nikueleze na yale niliyokuwa nakuficha.

Ni kaburi la mama. Mvua za Desemba ziliporomosha ile njia ya chini, ya kandokando ya msitu, na watalii wakaanza kupita juu, kwenye kipande chako. Hawana ubaya, ni watu wa kusalimia na kucheka, lakini hawajui kitu. Kaburi la mama bado ni udongo mtupu, unajua tulikuwa tunangoja mwaka uishe tulijengee. Msalaba wake ni mbao mbili tupu zisizo na jina, na wao wanaliona tuta tu. Nilimkuta mmoja, hana mwongozaji, ameketi juu yake anakula yai. Nilimwambia kwa Kishambaa, nikamwambia kwa Kiswahili, nikanyoosha mikono kama polisi wa barabarani. Akanipa na mimi yai.

Ndipo nikang'oa masale. Mtu wa kwetu akiyaona masale anajua amefika mwisho wa mahali, na nilitaka mengi, yaliyokomaa, ya kuzungusha kaburi lote. Nilikuwa nayo wapi zaidi ya pale kati ya kipande changu na chako? Nikajiuliza, kati yangu na Schola mpaka ni wa nini? Nikayang'oa nikampelekea mama. Kamba ilikuwa ya kupimia mzunguko wake. Ila wageni masale hawayajui, wanayaona ni maua, wanayapangua wanapita. Nikaona niwaambie kwa lugha yao.

Abubakari angeweza kuniandikia. Sikumwomba. Yeye anakula kwa hao wageni, nilihofia ataandika yanayomfaa yeye. Nikasema nina mdogo wangu mwalimu.

Nashukuru kwa sentensi. Nimeichonga kwa kina cha nusu kidole, nikapaka rangi nyeupe ndani ya herufi, kila anayepita anasifu. Jambo moja tu silielewi. Tangu kisimame wageni wameongezeka. Wanakisoma, wanatabasamu, wananishukuru kwa kuweka mkono kifuani, kisha wanaingia moja kwa moja. Wengine wamepiga hema ndani ya masale. Juzi mmoja aliegemea msalaba wa mama kupigwa picha, ukalala. Labda herufi ni ndogo? Mvule umebaki. Nafikiria kuchonga kibao cha pili, kikubwa zaidi, nikiweke kule chini njia inapoanzia. Nishauri.

Kaka yako,
Valentino


Korogwe
19 Mei 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Usichonge cha pili. Na hicho kilichopo kaking'oe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Namwomba Mwajuma akimbie nayo.

Herufi si ndogo. Sentensi niliyokupa inawaambia wapite. Inasema ruksa kupita kikomo hiki. Wale watu wanatabasamu kwa sababu wanaona mwenye shamba mkarimu amewakaribisha kwa maandishi. Sikukosea. Niliandika hivyo kwa kujua, siku ya Pasaka, nikiwa nimetoka kanisani. Niliamini unauza kipande changu, niliamini kibao ni cha kunizuia mimi, nikaona nikuwekee mtego kwenye lugha usiyoijua. Nilijiona mjanja. Nilicheka peke yangu wakati nafunga bahasha.

Msalaba wa mama nimeuangusha mimi. Yule mgeni aliegemea tu. Nimesoma barua yako nimesimama ofisini kwa walimu na nikashindwa kuingia darasani. Wewe ulikuwa unafuta mpaka kati yetu, mimi nikaona wizi.

Nakuja mara tu shule zikifungwa, goti liume lisiume. Sentensi ya kweli ni fupi vilevile. Nitakuandikia ukiitaka, au nitaichora mwenyewe ubaoni kwa mkono wangu, na nitakaa pale nimwambie kila mgeni. Nisamehe, kaka. Najua neno hilo ni dogo.

Mdogo wako,
Scholastica


Kwemkuyu
2 Juni 2024

Scholastica,

Marahaba.

Ile barua ya tarehe kumi na mbili niliiandika nikiwa nimeshajua. Abubakari alikisoma kibao siku niliyokisimamisha. Alidhani natania, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniona uso, akainuka. Akanifasiria neno kwa neno mbele ya wageni wake. Nilikiacha kisimame, wageni wakaendelea kupita, kwa sababu sikuamini. Nilisema Abubakari anaongopa, Schola hawezi. Msalaba ulipolala ndipo nikaamini.

Nikakuandikia barua ya shukrani kwa makusudi, na hadithi ya kibao cha pili, nione utafanya nini. Ungeniambia chonga, nisingekuandikia tena maisha yangu yote. Umesema kweli, tena mara moja, nakushukuru. Lakini sikumpenda yule mtu aliyekuwa anaandika barua ile. Modesta aliniuliza mbona natabasamu vibaya.

Na lawama si yako peke yako. Ningekuambia tangu Februari kwamba wageni wanamkalia mama, yote haya yasingekuwepo. Niliona aibu. Nyie mko mbali, mimi ndiye niliyeachiwa kumtunza, na nimeshindwa hata kumlinda amelala. Aibu ikanifunga mdomo, na mdomo uliofungwa ukakupa wewe nafasi ya kuwaza unayotaka.

Msalaba nimeutengeneza upya, kwa mbao zake zile zile. Kipande chako ni chako. Shule zikifungwa njoo, wifi yako ameshatenga chumba, na matofali ya nyumba yako nitafyatua mimi.

Kibao kile nimekipasua kuni. Kipya kimesimama na wageni sasa wanazungukia nje ya masale, wakipita wanavua kofia. Maneno aliniandikia Abubakari, yule yule niliyemwona si wa kuaminika. Nikayapeleka na kwa padri ayasome. Kisha nikasimama barabarani wakati watoto wa sekondari wanatoka shule, nikawa namwonyesha mmoja mmoja ile karatasi na kumuuliza inasema nini, na kila mmoja anasema lile lile, na mimi namsimamisha mwingine. Walifikiri nimechanganyikiwa.

Sikuelezi haya kwa kukusuta. Zamani ningekuuliza wewe peke yako, na jioni ile ile ningekuwa nimeshaanza kuchonga.

Kaka yako,
Valentino